Kampuni kubwa inamchaguaje mbia mdogo? Nilivyokosa mara ya kwanza, na nilivyojipanga mara ya pili

Somo la leo ni refu kidogo. Kama uko dukani na wateja wamejaa, lihifadhi, ulisome usiku ukishafunga hesabu.

Wengi mmeniuliza swali hili: "Dada, hizi kampuni kubwa zinazotangaza kwamba zinatafuta wafanyabiashara wadogo wa kushirikiana nao, huwa zinachaguaje? Si ni kujuana tu?"

Sitakudanganya kwamba kujuana hakupo. Ila mimi nilikosa nafasi ya namna hiyo bila mtu yeyote kunionea. Nilikosa kwa sababu sikuwa na majibu ya maswali ya kawaida kabisa. Na kukosa kwenyewe kuliniachia deni la miezi tisa. Ndiyo maana nimeamua kulisoma hili jambo, na leo nakupa nilichokipata.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mtoto wa Kilosa, duka langu liko Mikumi, hapa hapa barabara kuu ya kwenda Iringa. Nauza asali na karanga za kusaga. Nusu ya mauzo ni mtandaoni, mzigo natuma kwa basi. Shule niliishia kidato cha nne. Sijasomea biashara, kila ninachokuambia hapa nimejifunza kwa kuuza, kwa kuuliza na kwa kuumia.

NILIVYOKOSA

Miaka mitatu iliyopita kampuni moja kubwa ya vyakula, jina nitaliacha, ilitangaza kuwa inatafuta wafanyabiashara wadogo wa mkoa wa Morogoro. Walitaka bidhaa za asili wakaziuze kwenye maduka yao. Nikajaza fomu, nikaitwa Morogoro mjini kwa mahojiano.

Nilijiona nimeshapata. Nilikuwa na wafuasi 11,000. Nilimlipa kijana akanitengenezea maelezo ya kurasa 20, yana picha za nyuki, maua na milima. Kibaya zaidi, nilikopa kwenye kikundi, nikanunua asali mapema madumu 6 ya lita 20, shilingi 780,000. Nilijiambia wakishanichagua wasinikute sina mzigo.

Kwenye mahojiano kulikuwa na mama mmoja wa makamo. Kurasa zangu 20 alizifunua haraka haraka, akaziweka pembeni. Akaniuliza, "Mwanangu, mwaka jana, mwezi ule ulioenda vibaya kuliko yote, uliuza chupa ngapi?"

Nikamwambia, "Samahani mama, mwezi mbaya siukumbuki. Ila Desemba niliuza nyingi sana."

"Nyingi ni ngapi?"

Sikujua. Kichwani nilikuwa na picha ya duka lililojaa watu, namba sikuwa nayo. Akaniuliza asali naitoa kwa nani, nikasema shangazi yangu wa Kilosa ananikusanyia kwa wafugaji. Shangazi akiumwa? Nikanyamaza. Pesa za mauzo zinaingia wapi? Kwenye simu yangu, na nyingine kwenye simu ya mama.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa kaka mmoja wa Kilosa anayeuza mchele. Wafuasi wake hawakufika 700. Mkononi ana kauntabuku limechakaa, kona zimejikunja. Yeye ndiye aliyechukuliwa. Mimi nikarudi Mikumi na madumu yangu 6. Nililipa kile kikundi kidogo kidogo kwa miezi tisa.

Kwa muda nilimsema vibaya yule kaka. Baadaye nikamtafuta, nikamwomba anionyeshe lile daftari. Kila siku ameandika: kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, bei, aliyemletea, aliyemkopesha. Miaka miwili mfululizo, na siku ambazo hakuuza ameandika sifuri. Nikaelewa.

KWANZA ELEWA KWA NINI MKUBWA ANAMTAFUTA MDOGO

Kampuni kubwa haikutafuti kwa kuwa inakupenda au kwa sababu wazo lako ni zuri. Mawazo wanayo, na pesa wanazo. Inakutafuta pale penye pengo ambalo yenyewe ikilijaza itatumia gharama kubwa au muda mrefu, wakati wewe umeshalijaza. Kwenye nchi zetu pengo hilo mara nyingi ni lile lile: wateja wa pesa kidogo kidogo, waliotawanyika, wasio na karatasi za benki, na njia ya kuwafikia ni ngumu.

Lakini mkubwa ana hofu pia. Anaogopa kuharibiwa jina, kuahidiwa mzigo usifike, kumkabidhi mtu kazi kisha mtu apotee. Kwa hiyo anapima mambo mawili kwa pamoja: una kitu gani ambacho yeye hana, na ukimwangusha ataumia kiasi gani. Maswali yote utakayoulizwa yanatoka humo. Nakupa manne, kila moja na mfano wake wa kweli.

SWALI LA 1: UNA NINI AMBACHO WAO HAWANA?

Mfano uko Arusha. Kulikuwa na kampuni changa ikiitwa Off Grid Electric, baadaye ikajulikana kama ZOLA. Ilikuwa inafunga umeme wa jua kwenye nyumba za watu ambao nguzo za umeme hazijawafikia. Mteja halipi zote kwa mkupuo, analipa kidogo kidogo kwa simu.

Mwaka 2016 EDF, kampuni kubwa ya umeme ya Ufaransa, ikaungana nayo kwenda kufanya kazi hiyo Ivory Coast. Jiulize: EDF inaendesha mitambo mikubwa ya umeme, wataalamu imejaza. Inatafuta nini kwa kampuni iliyokulia Arusha?

Ilichokuwa nacho ile kampuni changa ni uzoefu: kumuuzia umeme mtu wa kijijini, kumfungia, kukusanya malipo madogo madogo kwa simu, na kurudi kumtengenezea kikiharibika. Uzoefu huo hauji kwa kununua mashine. Unaupata kwa kuzunguka vijijini.

Kwako wewe: usijitambulishe kwa kusema "nauza nguo nzuri kwa bei nafuu". Wauza nguo tuko wengi. Sema kitu unachokijua wewe kwa sababu ya mahali ulipo. Mimi sasa hivi sisemi "nauza asali". Nasema "nakusanya asali kwa wafugaji 14 wa Kilosa, najua nani anavuna lini, na kila dumu naweza kukuambia limetoka kwa nani". Asali ni ile ile, lakini sasa hivi mkubwa anaona pengo lake limezibwa.

SWALI LA 2: UNA REKODI?

Hapa ndipo mimi nilipoanguka. Twende Kenya. Twiga Foods ilianza mwaka 2014, ikaanza na ndizi, kuzitoa kwa wakulima na kuzipeleka kwa wenye vibanda vya mtaani. Mwenye kibanda anaagiza kwa simu, analetewa.

Mwaka 2018 IBM, kampuni kubwa ya kompyuta ya Marekani, kupitia watafiti wake wa Nairobi ilifanya na Twiga majaribio ya kuwakopesha wenye vibanda. Walichukua rekodi za manunuzi za kila kibanda: anaagiza mara ngapi, kiasi gani, analipaje. Kutokana na hizo wakakadiria nani anakopesheka na kwa kiasi gani. Majaribio yalihusu vibanda 220 kwa wiki 8, na mkopo ulikuwa wastani wa dola 30 hivi. Yaani hela ya kawaida kabisa ya mama muuza mboga.

Umeona? Mwenye kibanda hana hati ya nyumba wala taarifa ya benki. Ila kwa kuwa kila oda yake ilikuwa imeandikwa, oda zenyewe zikawa dhamana. Na Twiga ilikuwa na thamani kwa IBM kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na rekodi hizo.

Kwako wewe: wafuasi siyo rekodi. Mtu kubonyeza kwamba amependa picha hakuthibitishi kwamba alinunua. Rekodi ni tarehe, bidhaa, idadi, bei, gharama, nani kalipa na nani hajalipa. Anza na daftari la shule, linatosha kabisa. Pokea malipo kwenye lipa namba ya biashara, usichanganye na simu ya mama, ili siku ukiulizwa uwe na orodha ya miamala inayolingana na daftari. Na mwezi mbaya uandike kama ulivyo. Mwezi mbaya ndio unaomwambia mkubwa hali ikikaza utamletea ngapi.

SWALI LA 3: UNAWEZA KUJARIBIWA KWA KIDOGO?

Wakubwa wengi hawakabidhi kazi kubwa kwa mara ya kwanza. Wanajaribu.

M-Pesa tunayoitumia kila siku ilianza hivyo. Mwaka 2005, Vodafone ya Uingereza na Safaricom ya Kenya walifanya majaribio pamoja na Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Kwa nini Faulu? Kwa sababu tayari ilikuwa na vikundi vya wakopaji wanaokutana na kulipa marejesho. Majaribio yalianza na wateja kama 500 tu, Nairobi na Thika. Lengo la mwanzo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo kwa simu.

Wakati wa majaribio ikaonekana watu wanaitumia kwa mambo mengine, hasa kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Kenya, Machi 2007, kilichobebwa mbele ni kutumiana pesa, siyo marejesho ya Faulu. Mwaka uliofuata, 2008, Vodacom ikaileta kwetu Tanzania.

Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, uwe na kitu kinachojaribika: chupa 50, wiki 4, duka moja. Mimi mara ya kwanza nilikwenda na maelezo ya "nitalisha mkoa mzima". Yule mama angeanzia wapi? La pili, majaribio siyo ndoa. Anaweza akajaribu na wewe, akajifunza, kisha akaenda upande mwingine. Kwa hiyo hakikisha majaribio yanakulipa na wewe: kwa faida, au kwa barua ya kuthibitisha ulifanya kazi, au angalau kwa kujifunza. Usiingie majaribio ya kutoa mzigo bure kwa ahadi ya "tutakuja kukubeba mbele ya safari".

SWALI LA 4: MZIGO UTAFIKA KWA WAKATI, KILA MARA?

Mfano huu uko jirani yetu. Ukitoka Mikumi ukashika barabara ya Ifakara, kabla ya daraja la Kidatu unakutana na mashamba ya miwa ya Ruembe, bado uko wilaya ya Kilosa. Kiwanda cha Sukari Kilombero ni mali ya Illovo ya Afrika Kusini tangu 1998, na serikali yetu ina hisa zake. Ni kampuni kubwa hasa. Lakini miwa yake haitoki kwenye mashamba yake peke yake. Sehemu kubwa inatoka kwa wakulima wa nje, wengi wao wenye eka chache.

Kiwanda hakiwezi kufuatana na kila mwenye eka mbili. Wakulima wanapitia vyama vyao vya ushirika, AMCOS, na humo ndimo ratiba ya kuvuna inapopangwa. Ratiba ina uzito kwa sababu muwa ukishakatwa unaanza kupoteza sukari. Ukikata leo, gari likaja baada ya siku kadhaa, umepoteza wewe na kimepoteza kiwanda.

Kwako wewe: kama peke yako huwezi kufikisha idadi, usidanganye. Tafuta wenzako watatu au wanne mnaouza kitu kimoja, mkubaliane ubora mmoja, chupa ya aina moja, na mmoja awe msemaji. Na jibu lile swali la "shangazi akiumwa?" kabla hujaulizwa. Mimi sasa nina wakusanyaji wawili, shangazi Kilosa mjini na mwingine upande wa Ulaya, ile kata yetu ya Kilosa, msije mkasema dada anaagiza asali kwa Wazungu.

KARATASI

Zote hizo utakuwa nazo, lakini bila karatasi hata mlango hufiki. Kampuni kubwa haiwezi kumlipa mtu ambaye mhasibu wake hawezi kumwandika. Kwa hiyo: jina la biashara BRELA, TIN kutoka TRA, leseni kutoka halmashauri. Kama unauza chakula au vipodozi, alama ya ubora ya TBS. Sisi wadogo tunaanzia ofisi ya SIDO ya mkoa, wanatoa barua ya utambulisho na ushauri wa namna ya kuandaa sehemu ya kufungashia. Usisubiri tangazo litoke ndipo uanze kukimbia, utachelewa.

SASA UPANDE WA PILI: UMECHAGULIWA, JE UTAPONA?

Hili watu hawalisemi. Kuchaguliwa siyo kupona. Hata ile Twiga niliyoitaja, pamoja na ukubwa wa majina iliyoshirikiana nayo, mwaka 2023 ilipunguza wafanyakazi wengi. Mdogo anaweza kuuawa na oda kubwa kuliko kukosa oda.

Mwaka huu ilikuja kampuni nyingine. Safari hii nilikuwa na daftari la miezi 26. Maswali yao niliyajibu yote, wakanipenda. Wakaniambia: leta chupa 300 kila mwezi, tutanunua kwa 6,500, malipo baada ya siku 90.

Rafiki zangu wakaniambia nisherehekee. Mimi nikakaa na kalamu:

Gharama ya chupa moja (asali, chupa, lebo, usafiri): 5,000.
Chupa 300 kwa mwezi: 300 × 5,000 = 1,500,000.
Malipo siku 90, maana yake napeleka mizigo mitatu kabla sijaona hata shilingi: 1,500,000 × 3 = 4,500,000.
Mtaji wangu wote: 1,600,000.

Kwa hiyo ningekopa karibu milioni 3 ili niikopeshe kampuni kubwa. Faida ya chupa ni 1,500, kwa chupa 300 ni 450,000 kwa mwezi, lakini ni ya kwenye karatasi. Wakichelewa mwezi mmoja, mimi nimefunga duka. Na wateja wangu wa mtandaoni wanaonilipa 8,000 taslimu ningewakosesha mzigo.

Niliogopa kuwajibu, nisiwe muongo. Nilikaa siku mbili nikiona nachezea bahati. Kisha nikaandika barua kwa heshima: nashukuru, naomba tuanze na chupa 80 kwa mwezi, malipo siku 30, kwa miezi mitatu, kisha tukae tena. Nikaambatanisha ile hesabu. Chupa 80 ni 400,000. Hata wakichelewa nikapeleka mzigo wa pili kabla ya malipo, imetoka 800,000, nusu ya mtaji. Nitayumba, sitaanguka.

Walikaa kimya wiki nzima. Sikulala vizuri. Wakajibu wamekubali. Yule kijana wa manunuzi akaniambia kwenye simu, "Dada, wengi wanakubali tu halafu mwezi wa pili hawapatikani hewani." Yaani hesabu niliyodhani itanikosesha kazi ndiyo iliyowapa imani.

Faida yake ni 120,000 kwa mwezi. Siyo utajiri. Tumemaliza miezi miwili, malipo ya kwanza yalikuja siku ya 34. Mwezi ujao ndio tunakaa mezani tena. Wakiongeza oda bila kupunguza siku za malipo, jibu langu nimeshaliandika.

KAZI YA WIKI HII

Fanya haya matano, hayahitaji mtaji:

1. Nunua daftari. Leo andika kila kilichoingia na kilichotoka. Usipouza, andika sifuri.
2. Tenganisha pesa ya biashara na pesa ya nyumbani. Namba moja ya kupokelea, basi.
3. Andika sentensi moja: "Mimi nina ____ ambacho kampuni kubwa ikija hapa itachukua muda mrefu kukipata." Ukishindwa kuijaza, hapo ndipo pa kufanyia kazi.
4. Piga hesabu ya gharama ya kipande kimoja, weka mpaka nauli na chupa. Kisha jiulize: nikilipwa baada ya siku 30, 60 au 90, mtaji wangu unabeba vipande vingapi?
5. Kagua karatasi zako. Inayokosekana ianze Jumatatu.

Na usinunue mzigo kwa ajili ya oda ambayo haijaandikwa. Lile dumu la mwisho kati ya yale sita nililimaliza kuuza mwaka jana, na mpaka leo dumu lenyewe tupu liko stoo, nachotea maji.

Mauzo mema, wapambanaji.